Chupa Juu ya Kabati

Kila asubuhi Nyakuon alipanguza kabati la ofisi ya vibali, na kila asubuhi aliiinua chupa ya kioo, ya kahawa ya unga, iliyokaa juu yake, akapanguza chini, akairudisha. Ndani, katika maji ya dawa, mlikuwa na kipande cha titi lake mwenyewe.

Daktari Semei, Mganda, ndiye aliyekikata akakitia humo. Hospitali haikuwa na chupa nyingine.

"Mama Lam, Juba hapa mashine hakuna," alimwambia. "Kampala watatafuta vitu vitatu kwa hii saratani yako. Viwili vya homoni, kimoja protini. Kikipatikana hata kimoja, dawa yake iko. Vyote vikikosekana, basi ni ile mbaya, inapenda wanawake wadogo kama wewe. Inakimbia. Ni kemo haraka, na bila karatasi ya hicho kipimo hawakupokei."

Nyama ya mtu haivuki mpaka wa Nimule bila kibali. Na kibali, ajabu gani hii, kilitoka ofisi ileile aliyoipiga deki. Aliposikia hivyo Nyakuon alifurahi, maskini. Alidhani ana bahati. Akaipeleka chupa na barua ya daktari, wakaiweka juu ya kabati ingoje muhuri.

Wiki ya tano alisimama mbele ya meza ya karani. "Bwana Madut, leo je?"

"Mudir, mkubwa mwenye muhuri, bado yuko Nairobi, semina ya afya. Bukra, kesho."

"Bukra gani ya wiki tano! Kifuniko kimepasuka, maji yanapungua, si unaona? Nipe nimrudishie daktari."

"Imeshaingia daftarini, mama. Ni mali ya serikali. Unataka nifungwe?" Akavuta kikombe chake cha chai.

Miaka kumi na minne katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliimba nyimbo za kudai serikali yao wenyewe. Sasa amani ilikuwa na miaka minne, serikali ilikuwepo, na ilikuwa na kabati.

Mudir alirudi wiki ya nane, akagonga muhuri nakala tatu bila kuinua macho. Nyakuon alikimbia na chupa mpaka hospitali. Jua la dirishani lilikuwa limeyamaliza maji. Kipande kimegandia chini, cheusi.

"Hii hawapimi," alisema Semei. Alimpapasa kwapa la kulia, akakuta uvimbe mwingine, mkubwa kama yai. "Nikate ingine, mama. Na utafute kibali kingine."

"Na huu wa kwapani, nao utangoja kibali?"

Semei alimwaga kahawa iliyobaki katika chupa yake nyingine, akaiosha, akachukua kisu.

Kesho yake Nyakuon alimwekea Madut mezani barua mpya, chupa mpya, na ile ya zamani, tupu, aone walichofanya. Madut aliandika namba mpya daftarini. Kisha akaigeuzageuza ile tupu.

"Hii kazi yake imekwisha? Ioshe vizuri na sabuni. Mudir hana pa kuwekea sukari."

Aliiosha mara tatu, kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukuinuka tena. Akaijaza sukari, akaiweka juu ya kabati, kando ya ile mpya.