Foleni ya Kufa Vizuri

Tangu Sally auawe kwenye ukurasa wa themanini na nane, kukaa naye kituoni kulikuwa shida.

Aliuawa na kikapu chake mwenyewe. Ndivyo ilivyoandikwa katika *Kikapu Kinapumua*, kitabu cha saba cha J. W. Kuria: mama mmoja mchuma chai aitwaye Sally, mwenye pengo la juu na kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto, anavaa kikapu asubuhi ya ukungu, anaingia safu ya tatu, halafu anasikia kitu kinavuta pumzi mgongoni. Kikapu kilimmeza kuanzia mabegani. Kurasa nne nzima, na mwishowe ikabaki gambuti moja tu katikati ya michai.

Pale kituo cha kununulia chai, nje kidogo ya Sotik, kila mtu alijua Sally huyo ni Sally wao. Pengo lilikuwa lile, kicheko kilikuwa kile. Sally mwenyewe hakukana. Alianza kujiita marehemu. "Hebu mpisheni marehemu," alisema akivuta gunia lake kwenda mizani, na watu wakampisha. Wasomaji walitoka hadi Bomet kuja kupiga picha naye, naye alishajifunza kuegemea kikapu na kulegeza shingo.

Rodah aliyaona yote hayo, na moyoni alikuwa anatokota kwa wivu. Yeye ndiye aliyevileta vitabu vile kijijini. Siku ambazo Sally hakujua kama J. W. Kuria ni mtu au ni aina ya mbolea, Rodah alikuwa ameshasoma *Anayebisha si Mgeni* mara tatu. Yeye ndiye aliyewasomea wenzake sura moja kila siku wakingoja lori la chai, mpaka ikafika mahali lori likiwahi kufika watu wananung'unika. Nicholas, karani wa mizani, aliwahi kupima gunia moja mara mbili kwa sababu wakati ule, kwenye hadithi, mtu alikuwa anaanza kufungua mlango.

Nyumbani alimsomea mume wake. Bethwel alikuwa mzee wa kanisa, na msimamo wake juu ya vitabu vya mashetani ulijulikana: Mkristo asivisome. Kusomewa hakukutajwa popote. Kila jioni alipoketi kukamua, Rodah aligeuza ndoo, akaikalia mlangoni mwa zizi na kufungua kitabu, na Bethwel akakamua kwa mwendo wa hadithi, polepole mtu akinyatiwa, mbiombio mtu akikimbizwa.

"Ameshakufa?" aliuliza.

"Bado."

"Anachelewesha nini?"

Miaka yote hiyo watu waliamini kwamba J. W. Kuria ni mwanamume mrefu mwenye makovu, anayeishi Nairobi katika nyumba isiyo na madirisha. Kitabu cha saba kilipotoka na picha nyuma ya jalada, wakapigwa na butwaa. Alikuwa Jecinta wa agroveti, pale Sotik mjini. Mwanamke mfupi wa sweta ya kijani na miwani ya kamba, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa amewauzia chumvi ya ng'ombe na dawa ya minyoo na kuwauliza hali za ndama wao kwa majina. Wengine walirudi nyumbani wakaanza kunusa zile dawa upya.

Basi Jumamosi moja Rodah alijaza kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, akafunga kitambaa kizuri kichwani, akashuka Sotik hadi dukani kwa Jecinta.

"Habari ya leo, Mama Njeri."

"Nzuri, Mama Chela. Ng'ombe hajambo?"

"Ng'ombe hajambo. Leo nimekuja kwa ajili yangu mwenyewe." Rodah aliweka kibuyu juu ya kaunta, akainama kidogo. "Nataka uniue."

Jecinta hakushtuka. Alitoa daftari chini ya kaunta, akalamba kidole na kupekua. "Wewe ni wa arobaini na nne."

"Kuna foleni?"

"Tangu kile kikapu, sina amani. Kuna pasta wa Soin anataka afe akiwa amepiga magoti, asionekane akikimbia. Kuna mwalimu anataka afe pamoja na mwalimu mkuu wake, lakini mwalimu mkuu atangulie. Kuna mwanamume wa Bomet aliniletea picha ya mama mkwe wake. Huyo nilimfukuza. Nilimwambia kila mtu aombe kifo chake mwenyewe."

"Na Sally alikuwa wa ngapi?"

"Sally hakuomba." Jecinta alifunga daftari. "Sally alisimama hapo uliposimama, duka limejaa watu, akasema dawa yangu ya minyoo ni maji ya mto. Nilienda nyumbani na hasira, nikaandika kurasa nne hata chai sijanywa. Sasa wewe, Mama Chela, unanisalimia vizuri, unanunua, unawaambia watu wanunue. Leo umeniletea mursik. Nitapata wapi nguvu ya kukuua?"

Njia nzima ya kurudi Rodah alikuwa anawaza. Kumbe ni hivyo. Kumbe Sally alikufa kwa utovu wa adabu, na yeye anaishi kwa sababu ya malezi mazuri. Aliamua kujirekebisha.

Jumamosi iliyofuata alirudi dukani amejiandaa na tusi. Alikuwa amelifanyia mazoezi tangu alipotoka nyumbani. Palikuwa na wateja watano, idadi ya kutosha kabisa.

"Hicho kitabu chako cha saba," alisema kwa sauti.

"Kimefanya nini?" Jecinta aliuliza.

Wateja waligeuka. Rodah alifungua mdomo, tusi likamtoroka. "Kilinifanya niogope kwenda choo mchana kweupe," alisema. Wateja wakaitikia kwa vichwa kwamba hata wao, na mmoja akaagiza nakala mbili. Rodah akarudi nyumbani mzima kama alivyokuja.

Mara ya tatu hakujiandaa. Alikuwa amekwenda kununua chumvi tu, na lile neno lilitoka lenyewe, kwa sababu lilikuwa kweli na lilikuwa limemkaa rohoni miaka mingi.

"Mama Njeri, kuna kitu nimekuwa nikitaka kukuuliza. *Anayebisha si Mgeni*. Yule mzee Kiptoo alikatwa mkono wa kushoto sura ya pili, si ndiyo?"

"Kwa shoka. Ndiyo."

"Sura ya kumi yuko kanisani, anapiga makofi."

Jecinta alibaki ameshika kijiko cha kupimia. "Anapiga makofi?"

"Kwa nguvu. Umeandika, kwa nguvu. Mimi nilidhani ni mambo ya mizimu, nikaacha."

Mhariri wa Nairobi alikuwa amepita hapo. Wasomaji maelfu walikuwa wamepita hapo. Jecinta aliingia stoo akatoka na nakala yake, akasoma akiwa amesimama, midomo ikicheza, kisha akavua miwani. Duka lilifungwa saa tisa siku hiyo, na watu wa foleni walirudishwa.

"Nimekwisha," Rodah alimwambia Bethwel jioni, na hakuwa amewahi kuonekana na furaha kama ile tangu mtoto wao Chela apite mtihani.

Miezi miwili baadaye mtu wa bodaboda alileta bahasha nene ya kaki. Ndani mlikuwa na kitabu cha nane, *Harufu ya Jirani*, bado kikiwa karatasi zilizochapwa tu, bila jalada, na kijikaratasi: *Soma kabla ya mhariri. Hesabu mikono ya kila mtu.*

Siri hiyo ilidumu mpaka bodaboda iliporudi barabarani. Kufikia kesho yake Rodah alikuwa mtu mkubwa. Waliomjua walimletea mayai, wasiomjua wakaja kumjua. Yule pasta wa Soin alipiga simu kuulizia magoti yake. Na Sally, marehemu, alikuja na kuku mzima kwapani, akakaa sebuleni kwa adabu ambayo haikuwahi kuonekana kituoni.

"Dada," alisema, "mwambie anifufue."

"Akufufue ya nini?"

"Nife tena. Ile mara ya kwanza sikujua, hata sikusema neno. Nilipiga kelele tu. Sasa nimefikiria ya kusema."

Rodah alipokea kuku, akasema ataona.

Hakumwambia kwamba alikuwa amefika sura ya kumi na moja, na kwamba sura hiyo ilikuwa yake. Humo alikuwamo mwanamke aitwaye Rodah, asiyepitwa na kitu. Usiku mmoja anazima moto jikoni na kuona kwamba jiko lake lina kuta nne, lakini pembe ni tano. Anazihesabu tena. Anazihesabu kwa mkono. Ile pembe ya tano iko nyuma ya pipa la maji, haina mwanga, na inanuka marashi ya jirani aliyezikwa mwezi uliopita. Sally alipata kurasa nne. Rodah alipata tano, na kila neno lilikuwa mahali pake. Alizisoma akilia kwa furaha, huku mboga ikiungua.

Jioni ilipofika alikaa juu ya ndoo yake, akakohoa kidogo kusafisha koo, akasoma.

Bethwel alianza vizuri. Pembe ya tano ilipotokea, mikono yake ilipunguza mwendo, kama kawaida. Ilipofika mahali ambapo mume wa yule mwanamke anarudi kutoka mkutano wa kanisa, anakuta sufuria bado ya moto na kitambaa cha mkewe kimeanguka kando ya pipa, mikono ilisimama. Mume anaketi jikoni kumngoja. Anaita jina. Ile pembe inamjibu kwa sauti ya mkewe, inamwambia chakula kiko tayari.

Bethwel aliinuka, akaacha ndoo imejaa nusu chini ya ng'ombe, akatoka.

Rodah alimkuta ameegemea ua, akitazama michai.

"Baba Chela. Ni hadithi tu."

"Najua ni hadithi."

"Watu wote hawa wamekufa ukikamua, sijawahi kukuona umesimama. Yule wa kisima ulicheka."

"Yule wa kisima hajawahi kunipikia," Bethwel alisema. "Na huyo mume, kitabu kikiisha, bado amekaa hapo jikoni?"

"Bado."

"Anaongea na ukuta."

"Ndiyo."

"Mwambie huyo mama atafute mtu mwingine."

Akarudi kumalizia kukamua, na hakutaka sura ya kumi na mbili.

Rodah alinuna siku tatu. Alinuna akichuma, alinuna akipika, alinuna hata kwenye ibada. Miaka mingapi anamlisha mtu huyu, na siku moja tu anayotaka kufa, anakatazwa? Alijaribu kuzisoma tena zile kurasa peke yake ili ajifurahishe. Kila alipofika kwenye yule mume kando ya pipa, alimwona Bethwel na soksi zake zilizotoboka, akijibu *ninakuja* kwa pembe ya ukuta. Utamu wote ukaisha. Siku ya nne alishuka Sotik na bahasha.

"Nifute," alisema.

Jecinta alimtazama juu ya miwani. "Kuna makosa?"

"Hakuna hata moja. Ningekuwa nimeyaona ningekuambia. Ni mzee. Amenikataza kufa."

Jecinta hakucheka, ingawa Rodah alikuwa amejiandaa kuchekwa. Alizipokea zile kurasa tano, akazinyoosha juu ya kaunta. "Sasa hapa kati patabaki shimo. Lazima mtu afe. Nikupe daftari uchague?"

Mwezi mmoja nyuma Rodah angelishika daftari lile kwa mikono miwili. Alilifungua, akapitisha kidole kwenye majina. Pasta ana mama mzee. Mwalimu ana watoto watatu, na mdogo anaugua pumu. Kila jina lilikuja na mtu mmoja nyuma yake aliyeketi jikoni.

"Mimi siwezi," alisema, akalirudisha. "Wewe ndiye umezoea."

*Harufu ya Jirani* ilitoka wakati wa mvua za masika. Waliopata nakala mapema walikimbilia sura ya kumi na moja, maana uvumi ulikuwa umeshaenea kwamba ndipo penye mambo. Wakamkuta humo mwenye agroveti mmoja, mfupi, wa sweta ya kijani, aitwaye Jecinta. Anauawa dukani mwake mchana, taratibu, kwa kurasa sita, na wateja wanamruka pale sakafuni wakiendelea kuuliza bei ya dawa.

Jumatatu yake foleni ilitoka kwenye kaunta ikafika barabarani. Watu walikuja na sukari na unga, kama inavyotakiwa kwenye msiba. Mtu mmoja alileta shada la maua lenye utepe. Mwingine aliuliza duka sasa litarithiwa na nani. Pasta wa Soin alipiga magoti mlangoni, akaomba kwa muda mrefu, na watu waliokuwa na haraka wakampita kando. Jecinta alisimama nyuma ya kaunta akiwapimia watu bidhaa na kuwajibu, "Asanteni, tumepoa." Sally alikuja, akahesabu kurasa mbele ya kila mtu, akasema si haki mwenye hadithi kujichukulia kipande kinono.

Rodah alikuwa kwenye foleni, na nyuma yake alikuwa Bethwel, ndani ya koti la Jumapili. Tangu asubuhi alikuwa amekataa kusema anafuata nini mjini. Zamu yao ilipofika alimpita mkewe, akavua kofia, akamshika Jecinta mkono.

"Pole sana, mama," alisema. "Na asante kwa kwenda wewe."

"Si kitu, mzee," Jecinta alisema. "Hata mimi nilikuwa nimechoka."

Bethwel akainamisha kichwa kwa heshima. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshapanga foleni, akanunua dawa ya kupe.