Dawa ya Kumeza na Maziwa

Mwaka ule wa ukame macho ya Meitamei yaligeuka manjano. Nguvu zilipomwishia, mama yake, Seenoi, alimteremsha kutoka Ngorongoro hadi hospitali ya misheni upande wa Karatu. Daktari Polycarp, mtu wa Kilimanjaro aliyezoea kuishi na wafugaji, alituma damu ya kijana Moshi, na kutoka huko ikapelekwa mbali zaidi. Majibu yaliporudi aliwaeleza polepole.

"Ndani ya damu kuna askari wa kufukuza magonjwa. Wa kijana huyu wamemgeukia mwenyewe, wanalila ini lake. Kipimo kimeonyesha alama zao."

"Nani amewatuma?" Seenoi aliuliza.

"Hakuna, mama. Kwa nini wamegeuka, hatujui. Lakini kuna vidonge vya kuwatuliza. Avimeze kila asubuhi, hata akijiona mzima. Akiacha watarudi, na ini halitastahimili tena. Asivimeze tumbo likiwa tupu. Anywe na maziwa."

Meitamei alikuwa morani, na morani hanywi maziwa peke yake. Lazima awepo mwenzake wa rika. Kwao hilo halikuwa jambo la kusimulia, kama mtu asivyosimulia kwamba anavaa shuka. Hakuna aliyemwambia daktari.

Lembris, aliyetahiriwa pamoja naye, akawa anakuja kila asubuhi. Walipokezana kibuyu, Meitamei akameza dawa. Manjano yakatoka machoni. Uso ukajaa, ukawa wa mviringo.

"Umeota mashavu ya bibi harusi," Lembris alimtania. "Nitakuoa mwenyewe."

"Kwa ng'ombe gani? Wewe huna hata mbuzi."

Kisha nyasi zikaisha. Lembris na morani wengine wakahamisha ng'ombe kuelekea Ndutu. Bomani wakabaki wazee, wanawake, watoto na Meitamei.

Asubuhi moja Seenoi alimkuta ameketi na vidonge kiganjani.

"Meza na maji, mwanangu."

"Daktari alisema maziwa."

"Basi kunywa maziwa."

"Na nani, yeyo?" alimwuliza mama yake.

Seenoi alitazama nje. Bomani hakukuwa na morani mwingine.

"Nimeshapona," Meitamei alisema, akivirudisha vidonge mkebeni. "Nitamngoja Lembris."

Lembris alirudi na mvua. Alimkuta mwenzake amekuwa manjano tena, tumbo limejaa maji, anasema maneno yasiyoeleweka. Wakapata lori la kuwateremsha Karatu.

Daktari Polycarp alianza dawa upya siku ileile. Ndipo alipouliza iliachwaje, na Seenoi akamweleza.

"Uji ungetosha," daktari alisema. "Hata ugali kidogo. Sikuuliza anakulaje."

Askari hawakutulia safari hii. Meitamei alitapika damu, akalala usingizi mzito hata hakuna aliyeweza kumwamsha, na akafa huku Lembris amemshika mguu.

Nje ya wodi Lembris alimfuata daktari.

"Kama ningerudi mapema?"

"Meitamei alikuwa..." daktari alianza.

Lembris aliinua mkono taratibu. "Jina la aliyekufa halitajwi tena."

"Samahani. Ini lake lilikuwa limeshaumia tulipompima mara ya kwanza."

Hilo lilikuwa kweli, ingawa halikuwa kweli yote. Lembris alimtazama, akaelewa kwamba hataambiwa zaidi, akaenda kuketi kando ya Seenoi.