Kidole cha Mama Mektrida

Vidonge vilikuwa bado havijatulia tumboni, mama mkwe wangu Mektrida alishanitangaza kwenye foleni ya maziwa. "Mke wa Martin ana malaria," aliwaambia wanawake wa Kirua waliokuja na ndoo zao. "Ametuletea ugonjwa wa tambarare huku mlimani."

Mimi ni mtu wa Kahe, chini kule kwenye mpunga na mbu. Nimeolewa huku juu kwenye baridi, migomba na kahawa, na katika nyumba ile kosa langu la kwanza lilikuwa pale nilipozaliwa. La pili lilikuwa mimba yangu ya kwanza, iliyoharibika ikiwa na miezi sita. "Tumbo lake halishiki," alisema Mektrida, na pole hakunipa hata siku moja. Sasa nilikuwa na mimba nyingine, na niliilinda kama kuku anavyolinda vifaranga mwewe akipita.

Kliniki walikuwa wanapima damu ya kila mjamzito, anayeumwa na asiyeumwa. Mimi sikuwa na homa, kichwa hakikuniuma. Nilitoa kidole huku nacheka. Nesi Pamela aliporudi na majibu, yeye hakucheka.

"Wadudu wapo, Yuditha. Umekulia Kahe, mwili wako umewazoea, haupigi kelele. Lakini ukiwa mjamzito wanajificha kwenye kondo la nyuma, mtoto anakosa chakula. Huenda ndio waliokuharibia ile ya kwanza."

Nilimeza vidonge mbele yake. Akaniuliza, "Huku juu mbu ni wa kutafuta. Umekuwa ukilala wapi?"

Nikajua papo hapo. Familia za huku zina shamba la chini, la mahindi, na mvua zikianza lazima mtu ashuke akalale kibandani. Mektrida ndiye aliyenituma, mimba ya kwanza na hii ya pili. "Wewe mbu wamekuzoea," alisema, "hawatakufanya kitu." Yeye na Martin hushuka wakati wa kuvuna. Kupalilia kote na kulala kule wiki nzima nzima kuliachiwa mimi.

Niliporudi nyumbani habari ilikuwa imeshanitangulia; nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Alikuwa ameshanitengea bakuli la bati la bluu lililobanduka rangi, na kijiko chake, kana kwamba malaria inaambukizwa kwa mtori wa ndizi. Jioni akawaita baba mkwe, mzee Wenseslaus, na mume wangu.

"Arudi kwao akazalie huko," alisema. "Hii nayo ikiharibika, watu watasema nyumba yetu ina mkosi."

Kwetu! Kwenye mbu wenyewe! Nilimwangalia Martin. Martin alikuwa anaangalia viatu vyake, nami nikamchukia pale pale.

"Nitakwenda mkishapimwa wote," nikasema. "Nesi anakuja Jumamosi kupima nyumba nzima."

"Mimi? Yeleuwi! Mimi ni mtu wa mlimani. Tangu nizaliwe sijaumwa malaria."

"Hata mimi siumwi, mama. Ndiyo maana wanapima."

Jumamosi mzee Wenseslaus alitangulia kutoa kidole. Hakukutwa na kitu, maana goti lake halimruhusu tena kushuka shamba. Martin, anayebeba gunia la mahindi begani akipiga mluzi, alikutwa na wadudu. Mektrida alijifungia kwenye banda la ng'ombe, eti anakamua. Jua lilikuwa utosini.

Nesi alipomweleza wadudu walikotoka na wanavyoharibu mimba, mzee alikwenda akasimama mlangoni pa banda. Hakupaza sauti.

"Mektrida, nani alimtuma huyu binti akalale chini na mimba? Nauliza na ile ya kwanza."

Ng'ombe tu ndiye aliyesikika akitafuna.

Jumatatu asubuhi Mektrida alikuja jikoni ameshika jani la sale. Huku mlimani anayekuletea sale amekuomba msamaha, na hukatai, hata awe amekuulia mtoto. Nilitamani kulitupa motoni. Mwanangu alikuwa amezikwa mgombani, nyuma ya jiko lile lile, na huyu ananiletea jani! Lakini nilinyoosha mkono.

"Nimepokea, mama," nikasema. "Sasa na wewe nipe kidole."

Tulikwenda zahanati. Alipochomwa alifumba macho. Nesi Pamela aliinama kwenye darubini, akainua kichwa.

"Wapo, mama. Tena wengi kuliko wa Yuditha."

Jioni nilipika mtori. Sale nilikuwa nimelipokea, lakini habari ya bakuli hatukuahidiana. Nilimpakulia kwenye lile la bluu, nikamwekea na kijiko chake, nikasimama pale. Martin alitaka kusema kitu, mzee akamkanya kwa jicho. Mektrida aliliangalia bakuli, akaliangalia tumbo langu. Kisha akainama, akala mpaka akalimaliza.