Funza Sita

Karatasi ya Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, ilifika Lusangi mkononi mwa polisi wa shefu wa eneo, wakati watu wanapura mpunga. Asani, aliyekuwa kaporali, alitakiwa kurudi jeshini. Wadachi, yaani Wajerumani, walikuwa wameivamia Ubelgiji, na askari wa zamani walikuwa wakiitwa. Alipewa siku kumi na nne kufika posti ya serikali huko Kabambare.

Kwa miaka tisa Asani alikuwa mkulima tu, na fundi wa kutoa funza. Ufundi huo aliupata jeshini. Askari walitembea pekupeku, na kila asubuhi walikaguliwa miguu. Mguu mbovu ulikuwa kosa. Kijijini akina mama walimletea watoto wao, naye akatoa kifuko cha funza kizima kwa sindano, bila kukipasua, kwa maana kikipasuka ndani mguu huoza. Walimwita Kaporali Sindano.

"Mkono wake hautetemeki hata kidogo," walimsifu.

Hawakujua kwamba sifa hiyo ilimtia hofu. Mwaka wake wa mwisho jeshini, walipelekwa katika kijiji cha mbali ambako watu walikataa kulipa kodi. Amri ilipotoka, wenzake kadhaa walipiga risasi hewani. Asani alipiga pale alipoambiwa. Mwanamke mmoja akaanguka na kikapu chake cha mihogo. Mkono haukutetemeka. Ni Feza peke yake, mke wake, aliyewahi kuambiwa habari hiyo.

"Ukirudi utapiga tena?" Feza aliuliza.

"Ndiyo maana naogopa. Wataniamuru, na mkono utatii kabla mimi sijasema neno."

Feza alipepeta mpunga, kisha akasema, "Basi usirudi, baba Heri. Mutu wa funza hawamuchukui."

Kuanzia siku hiyo Asani alikaa kila jioni katika banda la mbuzi, miguu ndani ya vumbi. Vidole vilianza kuwasha. Akahesabu funza sita. Mara mbili alijikuta ameshika sindano bila kukusudia, hata Feza akaificha katika chungu cha chumvi.

Jirani yao Bulaimu alimwona akichechemea, akacheka mpaka akakaa chini. "Ala! Fundi wa mapaa, na nyumba yake inavuja!"

Asani naye akacheka, lakini akaingia ndani upesi. Aliyejiharibu mwili ili akwepe jeshi alipigwa fimbo ya kiboko hadharani, kisha akafungwa. Kama Bulaimu ameona, nani hataona?

Siku ilipofika, alitembea mpaka Kabambare akikanyaga kwa visigino. Uwanjani mbele ya posti waliketishwa wanaume thelathini, miguu mbele, wakimsubiri daktari. Sajini mmoja alipita akiwatazama vidole. Alipoinua uso, Asani alimtambua. Alikuwa Gaston. Zamani Gaston aliletwa kambini akiwa kijana wa miguu iliyooza, analia, na Asani ndiye aliyemsafisha kidole kwa kidole.

"Kaporali Asani! Iko weye?"

"Iko mimi, sajini."

Gaston alitazama vidole vile, kimoja kimoja. "Tulikaa pamoja miaka mitano. Sikuona hata funza moja kwako."

"Ni shamba, sajini. Kazi ni nyingi, mutu anajisahau."

"Shamba! Mumusikie huyu! Shamba lake linafuga funza kama kuku!" Watu wakacheka. Gaston akachuchumaa, akashusha sauti. "Kaka, nilimupiga mutu fimbo juma lililopita kwa ujinga kama huu. Usinilazimishe nikupige weye." Akatoa sindano katika kola yake. "Toa. Sasa hivi, mbele yangu."

Asani aliipokea. Aliuomba mkono utetemeke. Aliuomba kama mtu anavyomwomba Mungu: mara moja tu, leo tu, pasua kifuko kimoja. Mkono haukumsikia. Funza sita walitoka wazima, weupe, wakalala juu ya jani kama punje za mchele.

"Unaona?" Gaston alisema. "Mikono haisahau. Watakupa bunduki leo leo."

Hapo hofu ilimjaa Asani mpaka ikamfungua kinywa. "Sajini, nipe wagonjwa. Nipe machela, nipe vidonda, nipe kazi yoyote chafu. Bunduki siitaki. Unakumbuka kile kijiji."

Gaston naye alikuwako siku ile. Aliangalia njia ya daktari, akaangalia wanaume waliokaa.

"Kumi na mmoja pale wako na funza za kweli," alisema mwishowe. "Keshokutwa tunakwenda Kasongo kwa miguu. Watoe wote. Wakifika wazima, nitamwambia daktari nimempatia msaidizi. Mmoja tu akioza mguu, unabeba bunduki, na usiniite tena."

Wa kwanza alikuwa Célestin, mchimbaji wa dhahabu kutoka Salamabila, mtu mnene mwenye vidole vilivyovimba. "Polepole, mzee," alinong'ona. "Mimi ni mwoga."

Asani aliuweka mguu ule juu ya paja lake. Alitafuta doa jeusi katikati ya uvimbe, akaisogeza sindano. Ncha yake ikacheza. Akaivuta nyuma, akaisogeza tena, nayo ikacheza zaidi. Mkono wake, ambao haukutetemeka mbele ya yule mwanamke wa kikapu, wala dakika chache zilizopita alipouomba, sasa ulitetemeka kama jani la mgomba, pale alipotaka mwenyewe usikosee.

"Kuna nini?" Célestin aliuliza.

"Hakuna. Tazama kule."

Aliushika mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaubana magotini, akasubiri. Ulipotulia kidogo, akaingiza sindano.