Mkia Uliobaki Palepale

Lile doa halikugeuka. Jicho akaiweka picha ya pili juu ya ya kwanza, nyota juu ya nyota, akaangalia tena. Kati ya picha hizo mbili darubini ya angani ilikuwa imezungushwa, na uchafu wowote unaotokana na vioo vyake ulipaswa kuzunguka nayo. Miale ya nyota kubwa ilikuwa imezunguka. Doa jembamba lililokuwa kando yake lilibaki palepale, kama mpangaji aliyegoma kuhama.

"Mungu wangu," alisema taratibu. "Kumbe ni mkia."

Miaka tisa alikaa katika chumba hicho cha chini, mapazia yamefungwa mchana kutwa, akikagua picha za galaksi. Hakuwa msomi. Alikuja kuchapa barua, ikagundulika ana jicho kali, na jina la Jicho likamganda. Darubini ilipiga picha za eneo pana la anga, kompyuta ikakata galaksi moja moja, naye akabonyeza. Galaksi tulivu, kitufe cha kwanza. Yenye mkia wa nyota zilizonyofolewa, cha pili: hiyo ilikuwa inammeza jirani yake mdogo, na ndivyo galaksi zinavyokua. Uchafu wa vioo, cha tatu. Madoa yaliyo karibu na nyota angavu yalimsumbua sana mwanzoni, mpaka akajitungia kanuni: likiwa karibu na nyota, ni uchafu. Hakumuuliza mtu. Kazi ikaenda haraka, akasifiwa, akavimba kichwa kidogo.

Sasa alizitafuta sehemu nyingine zilizopigwa mara mbili, akakagua madoa arobaini aliyoyaita uchafu. Thelathini na moja yalikuwa mikia. Akapanda ghorofani mbio.

Profesa, mkuu wa mradi, alikuwa akipanga vitabu kwenye maboksi, maana mradi ulikuwa unafungwa Ijumaa. Alimsikiliza bila kumkatiza, na hilo likamtisha Jicho zaidi.

"Dada, kaa kwanza."

"Nikae vipi, Profesa? Nimeharibu."

"Hiyo kanuni uliianza lini?"

"Mwaka wa kwanza."

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Mashine inayokagua picha tuliifundisha kwa picha zako zote laki tatu. Imeshakagua milioni kumi na moja. Ripoti imetoka, inasema galaksi hazimezani sana kama watu walivyodhani. Wenzetu wameshaanza kuitegemea."

"Basi tuifundishe upya. Nipe miezi mitatu tu, nitakuja hata bure."

"Darubini imezimwa, dada. Na sehemu zilizopigwa mara mbili hazijai hata kiganja. Kwingine kote, ukiletewa doa leo, utajuaje kama ni mkia au ni uchafu?"

Jicho akakaa, hatimaye, juu ya boksi.

"Nitaongeza sentensi moja kwenye ripoti," Profesa alisema. "Kwamba karibu na nyota angavu hesabu huenda ni pungufu."

"Nani ataisoma?"

"Sikudanganyi. Sidhani kama yupo." Akajaribu utani. "Ila mashine imekuiga vizuri. Sijawahi kupata mwanafunzi mtiifu hivyo."

Jicho akaaga, akatoka.

Kwenye ngazi simu ikaita. Alikuwa mdogo wake wa kike, anayeishi naye.

"Dada, umekula?"

"Nimekosea kazini. Vibaya sana."

"Kuna mtu ameumia?"

"Hapana."

"Basi mbona unalia?"

Hakujua aeleze vipi kwamba hilo ndilo lililomuuma. Hakuna aliyeumia, na makosa yake yangeendelea kukaa vitabuni yakiitwa elimu. Akasema atarudi mapema.

Chumbani mashine ilikuwa inamalizia fungu la mwisho. Picha zilipita kwenye kioo cha kompyuta, kila moja na hukumu yake chini, na katika kila hukumu alijitambua. Tulivu. Tulivu. Uchafu. Kibodi yake ilikuwa imeshachomolewa, waya umeviringwa vizuri mezani. Ikatokea nyota angavu, na kando yake doa refu, jembamba, lililopinda kidogo mwishoni. Jicho akanyoosha mkono kulizuia. Kidole kilipogusa kioo, doa lilikuwa limeshapita. Hakukiondoa. Galaksi nyingine ikaja chini ya kidole, kisha nyingine.