Binti wa Venisi Aposwa Columbus

Hii niliambiwa na Gatsinzi, mtoto wa dada yangu, tukimenya viazi jikoni kwangu Newburg, mwaka 2015.

Kazi yake ilikuwa kumtunza Mzee Feldstein, Myahudi wa hapa Louisville. Mzee alikusanya Talmudi, vile vitabu vikubwa ambamo wazee wao wanabishana juu ya sheria, vilivyochapwa Venisi, Italia, karibu miaka mia tano iliyopita. Kilimbakia kimoja tu atimize seti yote, na macho yalikuwa yanazimika. Hicho kimoja kilikuwa Buffalo, kwa mjane, Bibi Roth. Kila mwaka mzee alipandisha bei, kila mwaka bibi alikataa.

"Mzee," Gatsinzi akamwambia, "unaomba kama mtu wa sokoni. Kitu kinachopendwa hakinunuliwi. Kinaposwa."

"Kinaposwaje?"

"Wewe unyamaze tu. Nitasema mimi."

Bahati nzuri, aliyemtunza Bibi Roth ni Yudita, mama wa kanisa letu. Bibi alikuwa anakwenda Columbus kumwona binti yake, basi wakapatana wakutane huko.

Gatsinzi akavaa koti la harusi, akabeba gudulia la maziwa. Akasimama sebuleni kwa binti wa Bibi Roth. "Tumesikia humu mna msichana. Sisi tuna kijana."

Yudita akamwangalia mzee na fimbo yake. "Kijana ndiye huyu?"

"Ndiye, shangazi."

"Bon, sawa. Na ng'ombe ziko wapi?"

"Ziko njiani. Maziwa yao yametangulia."

"We mtoto! Maziwa ya dukani, bei bado iko kwenye kifuniko!"

Yudita alipotafsiri, Bibi Roth alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akauliza, "Atamfanya nini binti yangu? Amfungie kabatini?"

Mzee akasahau kunyamaza. "Nitamsoma. Kwa sauti, maadamu bado naona."

Bibi akarudisha miwani usoni. "Marehemu alinisomea kila Alhamisi, nami nikimpinga. Haya, binti aende. Lakini awe anatembelea kwao, kwa simu."

Maziwa yakazunguka, wote wakanywa.

Alhamisi ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, mzee akasoma, pua imegusa karatasi. Bibi Roth akafoka kwenye simu kutoka Buffalo, "Hapana! Huyo amekosea!" Wakabishana hivyo, hata simu ikaanza kukoroma. Mzee akatabasamu, akafunga kitabu, kichwa kikaanguka kifuani.

"Shangazi," Gatsinzi akanong'ona kwenye simu, "wako amelala?"

Jibu la Yudita likawa mkoromo wa pili. Akamfunika mzee blanketi, akajinyoosha kwenye sofa, naye akalala.