Lala Chini, Fumba Macho

Mwaka 2007 Dokta Rukiya alikuwa na swali lililomnyima raha: yoga inamponya mtu mgongo kwa kitu gani hasa? Kwamba inasaidia, alikwisha kuridhika. Lakini ndani ya somo moja mna kujinyoosha, mna kuvuta pumzi, mna kulala kimya mwishoni, na mna mwalimu anayekuambia kila kitu kitakuwa sawa. Akitaka utafiti wake usomeke, ilibidi apime kila kipande peke yake.

Wagonjwa hakuwatafuta mbali. Kliniki yake ya Oud Metha, katika nchi ya Waarabu, ilipokea walinzi wa maghala ya Ras Al Khor, Wakenya na Waganda, waliosimama getini kutwa kucha hadi migongo ikakakamaa kama mbao. Arbab wao, yaani tajiri aliyewaajiri, alikubali waje kila Jumatatu, kwa sharti kwamba basi la kampuni likifika saa kumi na moja jioni, khalas, hakuna mjadala, wote wawe wameshavaa sare. Somo lingekuwa kwa Kiswahili. Wote walikijua, na dokta mwenyewe alilelewa nacho. Wazee wake walitoka Unguja zamani, na nyumbani kwao Al Twar hata paka hafukuzwi bila kuombwa radhi.

Mwalimu alikuwa Everlyn, Mkenya wa Bungoma aliyefundisha mazoezi katika ukumbi mmoja wa wanawake. Alijua yoga vizuri na moyo wake ulikuwa mwema. Ila sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na muziki wa kurukaruka, na hata akinong'ona, ghorofa ya chini walimsikia.

Kila mlinzi alivishwa mkanda wa kifuani uliopeleka mapigo ya moyo kwenye saa ya mkononi, na dokta akawa anapita kati ya mikeka akisoma. Wakati wa kujinyoosha mapigo yalipanda kidogo. Wakati wa pumzi yalishuka. Kikabaki kipande cha mwisho, ambacho kingepaswa kuwa kitamu kuliko vyote. Everlyn akasimama mbele yao, miguu kaitanua.

"Sasa kila mtu alale chini. Fumba macho. Mikono wazi, usishike kitu."

Wakenya wakalala, na Fanuel wa Machakos akaanza kukoroma papo hapo. Waganda nao walilala, tena upesi mno, kama waliosukumwa. Dokta alipoinama kusoma saa ya Swaibu, jitu la Masaka lenye kifua kama mlango, akakuta mapigo ya mtu anayekimbia ngazini. Waganda wenzake vivyo hivyo.

Aliulaumu mkanda kwanza, akamvisha Swaibu ule wa Fanuel. Jumatatu iliyofuata ikawa yale yale. Akalaumu kiyoyozi, kisha kahawa, kisha maharagwe ya kantini. Mwisho akamwandikia msimamizi wake wa chuo, aliyekuwa ng'ambo, naye akafurahi kupita kiasi. Alijibu kwamba huenda wamegundua mioyo ambayo yoga huiendesha kinyumenyume, na kwamba jambo kama hilo linahitaji jina. Dokta alishinda siku nzima akilitafutia jina la Kilatini.

Ni Joanita, Mganda wa mapokezi, aliyemshauri amuulize mwenyewe. Swaibu akaitwa chumba cha mazoezi, akaketi kwenye ncha ya kiti mbele ya dokta na Everlyn.

"Hebu nambie, mwanangu. Ukishalala pale, unawaza nini?"

Swaibu hakutaka kumkosea madam.

"Nawaza simu yangu naficha wapi."

"Uifiche kwa nini?"

"Madam, sisi kwetu hii Swahili ni ya askari na ya wezi. Mtu akikuambia kwa Swahili lala chini, fumba macho, usishike kitu, huyo hatafuti mgongo yako ipone."

Everlyn aliziba mdomo. Kisha akaanza kujitetea kwamba yeye ni mtu wa kanisa na hajawahi kumwibia mtu hata kijiko. Dokta Rukiya alicheka hadi akalazimika kuketi mkekani, na lile jina la Kilatini likaishia hapo.

Kazi ikawa kutafuta njia nyingine. Kwanza Joanita alisema maneno yale kwa Kiganda. Waganda walitulia kama watoto walioshiba, lakini Wakenya hawakuelewa kitu. Wakawa wanachungulia kwa jicho moja, na Fanuel akauliza kama wanaombewa. Mapigo yao yakapanda. Jumatatu nyingine wakajaribu ishara za mikono bila neno lolote. Everlyn aliwaonyesha wafumbe macho, wakafumba. Akaendelea kuwaonyesha ishara moja baada ya nyingine, kwa bidii kubwa, hadi dokta alipomkumbusha kwamba hakuna anayemwona.

Ndipo dokta akasema ajaribu yeye.

"Jamani wanangu, jilazeni taratibu," alisema, kwa sauti ile ya wazee wake wa Unguja. "Yafumbeni macho. Hapana wa kukutakeni lolote hapa."

Mapigo kwenye saa zote yaliteremka kwa pamoja. Swaibu alilala mdomo wazi. Baadaye alisema hakujua kwamba Swahili inaweza pia kubembeleza. Lakini walilala mno. Basi lilipiga honi hadi dereva akapanda juu mwenyewe, na walinzi wakashuka mbiombio, huyu na shati la mwenzake, yule bila soksi. Fanuel aliingia zamu ghalani akiwa na kofia ya kazi, suruali ya mazoezi na mkanda wa kifuani ukilia pii, pii. Arbab akapiga simu, na dokta akaomba radhi kwa Kiarabu cha adabu zote.

Msimamizi naye aliandika kwamba anayepima hawezi kuwa yule yule anayeponya. Kwa hiyo ilibidi Everlyn ajifunze. Kila Ijumaa alikwenda Al Twar kwa mama yake dokta, Bi Mwanatumu, akafundishwa kuomba sukari.

"Unaomba sukari, mwanangu," bibi alimwambia. "Hatujashikwa na moto."

Aliomba tena na tena, chai ikapoa, ikapashwa moto. Kule alikopanga, mwenzake wa chumba, Serah, alianza kuingiwa na wasiwasi aliposikia Everlyn akisema jikoni "naomba unipishe kidogo, mpenzi." Alimuuliza kama amepata mchumba au amepata malaria.

Wiki za mwisho za utafiti, moyo wa Swaibu ulishuka sawa na wa Fanuel, na migongo ya wengi ikalegea. Dokta aliandika ukweli: kujinyoosha kulisaidia, pumzi zilisaidia, na namna ya kumwambia mtu alale ni kipande kinachotaka kupimwa peke yake. Msimamizi aliuliza kinapimwa kwa kipimo gani. Dokta alimjibu kwamba kwa sasa kipimo kiko Al Twar, kina miaka sabini na mitano, na hakipandi ndege.

Swaibu aliomba naye afundishwe. Siku hizi lori likiegeshwa vibaya getini kwake, humwendea dereva akiwa ameweka mkono kifuani na kusema, "Naomba usogee kidogo, ndugu yangu." Madereva wengi ni Wapathani wenye lugha yao, hawaelewi hata neno moja. Wanasogea.